Uzi maalumu: vipindi vya sikukuu kwenye televisheni, na kazi tulizogawana ili tuvione

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Ndugu wanajamvi, salaam. Kila ifikapo Desemba hurudi mazungumzo yale yale kwamba vipindi vya sikukuu vya siku hizi havina ladha, na kila mzungumzaji huja na mshitakiwa wake: mmoja hulaumu simu, mwingine hulaumu vituo vya televisheni, na wa tatu husema upendo umepoa katika familia. Naomba nitofautiane na wote watatu, kisha mnijibu kwa hoja.

Nianze na vituo. Vipindi vyenyewe havikuwa bora kuliko vya leo. Kwaya zilirekodiwa mbele ya pazia lenye maua ya plastiki, sauti ikitangulia midomo. Gwaride la tarehe 9 Desemba lilipigwa picha kutoka mbali mno. Filamu za Krismasi zilikuwa za Kizungu, zimejaa theluji ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuikanyaga. Salamu za Mwaka Mpya za Rais, zile za usiku wa tarehe 31 Desemba, zilikuwa hotuba, na hotuba ni hotuba. Hakuna mtoto ambaye angekaa kimya kwa hiari yake akisikiliza hali ya uchumi wa taifa, lakini sisi tulikaa, na leo nikikutana na watu wa rika langu pale Mwanjelwa tunazikumbuka kwa furaha ambayo hotuba zenyewe hazikuwahi kuistahili.

Ninavyoona mimi, kipindi cha sikukuu kilikuwa kazi ya nyumba nzima. Kila mtu alikuwa na wadhifa, na tunachokikumbuka ni ule wadhifa. Siku wadhifa ulipoondoka, kumbukumbu nayo ilikosa pa kushika.

Ili vijana watuelewe, inafaa niseme tulikotoka. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi mwaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa, ambayo baadaye iliitwa TBC, ilizinduliwa mwaka 2000. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mawimbi yalichelewa kufika, na yalipofika yalikuwa hafifu. Maana yake ni kwamba baba zetu na mama zetu walijifunza kutazama televisheni siku moja na sisi watoto wao. Kwa habari ya mahari, kilimo au mazishi, mzee yeyote angeweza kusema, "Kwetu hufanywa hivi." Kwa habari ya televisheni hapakuwa na mzee wa kusema hivyo, kwa hiyo kila nyumba ilijitungia taratibu zake, na taratibu hizo zilikuwa kali kuliko za kanisani.

Utaratibu wa kwanza nyumbani kwetu ulikuwa kunawa miguu. Mnajua mvua zetu: zinaanza Novemba na haziachi hadi Aprili, kwa hiyo Krismasi yetu ni ya matope. Watoto wa majirani walipanga foleni bombani, wakanawa, wakaacha kandambili zao barazani, na dada yetu mkubwa alisimama mlangoni akikagua visigino. Asiyetakata alirudishwa bombani hata kama baba yake ni mwenyekiti wa mtaa. Waliopita walikaa kwenye mkeka kwa kimo, wafupi mbele, na bibi alikalia kiti cha pekee kilichokuwa na mto.

Wadhifa wa pili ulikuwa wa antena. Antena yetu ilifungwa kwenye mwanzi mrefu uliosimikwa nyuma ya jiko, na kaka yangu ndiye aliyeruhusiwa kuuzungusha. Yeye alikuwa nje kwenye manyunyu, mwingine alikaa dirishani akipeleka habari, na sisi wa ndani tulipiga kelele, "Hapohapo! Umepitiliza, rudisha kidogo! Sasa usiguse!" Kwa hakika kaka yangu alizisikia kwaya nyingi za Krismasi kuliko alizoziona, lakini mpaka leo yeye ndiye anayejigamba kuliko sote kwamba bila yeye hakuna ambaye angeona kitu.

Wadhifa wa tatu, na kwangu mimi ndio mkubwa, ulikuwa wa kufasiri. Bibi hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwenda nacho sokoni tu. Baba mdogo alikaa sakafuni karibu na kiti chake akimweleza kila kitu kwa Kinyakyusa, na alifasiri kama mtu mwenye hisa katika filamu. Theluji alisema ni mvua ya mawe, na bibi akauliza kwa huzuni kama watu wale walikuwa wamekwisha kupanda mahindi. Wahusika walipobusiana alisema wanaagana, naye bibi akashangaa kwamba Wazungu wanaagana mara nyingi namna ile na bado hakuna anayeondoka. Salamu za Rais nazo zilipita mikononi mwake. Penye takwimu za uchumi yeye aliweka habari za mbolea, akaahidi kwa niaba ya serikali kwamba itafika mapema, na mbolea ilipochelewa aliyetakiwa kujieleza mbele ya bibi alikuwa yeye, wala si serikali. Nathubutu kusema kwamba mimi sikutazama filamu hizo hata moja. Nilimtazama baba mdogo akizifasiri.

Sasa angalieni jinsi nyadhifa hizo zilivyofutika mmoja baada ya mwingine. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, na zamu ya Mbeya ikafika mwaka 2013. Sote tukanunua ving'amuzi. Wengi hawakuona tofauti moja kubwa. Katika analojia, mawimbi yakiwa dhaifu picha huja na chenga, na mtu wa antena anaweza kuipunguza chenga hatua kwa hatua, kila sentimita ya mwanzi ikilipa. Katika dijitali hakuna mazungumzo ya namna hiyo: ama picha ipo na inang'aa, ama inagandaganda na kuandika kwamba hakuna mawimbi. Mtu wa antena alistaafishwa siku ile bila hata kuagwa. Umeme wa vijijini, ambao wakala wake alianza kazi mwaka 2007, ulimstaafisha mbeba betri. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili zilimstaafisha mfasiri. Na kwa kuwa kipindi kinaweza kutafutwa kwenye simu wakati wowote, hata yule mtoto aliyekuwa akitumwa kuangalia saa kwa jirani hana kazi tena.

Ninyi kwenu nani alikuwa na kazi gani? Natanguliza shukrani.

Mchangiaji wa Tukuyu

Ndaga fijo, mleta mada. Umemtaja mbeba betri kwa sentensi moja, na mimi nilikuwa mbeba betri, kwa hiyo naomba nimtetee kidogo.

Sisi kijijini hatukuwa na umeme. Televisheni yetu ilikuwa ya chogo, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Betri ilichajiwa kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu mwenye mashine alikuwa na injini ya dizeli, na siku mbili kabla ya Krismasi pale mashineni palikuwa na foleni mbili, ya mahindi na ya betri. Nilifunga betri kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, nikasukuma baiskeli kupanda mlima, maana huku kwetu hakuna njia isiyopanda. Suruali yangu ya shule ilikuwa na matundu ya tindikali, na mama aliyahesabu kuwa gharama halali za sikukuu.

Jambo ambalo watu wa mjini hamkulijua ni ubahili wa betri. Hatukuwasha na kuacha. Baba alikuwa na ratiba kichwani: kuwasha kwa taarifa ya habari, kuzima mara tu matangazo ya biashara yanapoanza, kukaa gizani tukikadiria kwamba sasa yamekwisha, kisha kuwasha tena. Tulijifunza kukadiria kwa kimya, na aliyekosea akatuwashia katikati ya tangazo la sabuni alisemwa mpaka Mwaka Mpya. Betri ilipoanza kuchoka picha ilijikunja kutoka pembeni, weusi ukasogea ndani kidogo kidogo, na watu wote tukasogea mbele kana kwamba tungeizuia isiondoke. Yapo magwaride ya Uhuru ambayo sijui yaliishaje hadi leo.

Kwa hiyo naunga mkono. Naongeza tu kwamba kazi hiyo ilikuwa na hofu ndani yake, na hofu inafundisha kutazama. Mtu anayejua kwamba picha inaweza kuondoka wakati wowote hatazami huku anachambua mboga.

Mchangiaji wa Makambako

Kamwene. Nimesoma michango ya kaka zangu wawili kwa makini, na nimeona kwamba katika nyumba zote mbili palikuwa na mtu wa antena, mtu wa betri, mfasiri na mkaguzi wa visigino, lakini hapakuwa na mtu wa kupika. Chakula cha Krismasi yenu kilijipika?

Mimi ni binti wa pili katika nyumba ya watoto saba. Jiko letu lilikuwa la kuni, nje, limetengana na sebule kwa ukuta wa tofali mbichi na hatua chache. Vipindi vyote ambavyo mnavikumbuka kwa macho mimi ninavikumbuka kwa masikio. Ninajua mizinga 21 ya siku ya Uhuru ilivyopigwa kwa sababu nilikuwa nikimenya viazi, na kila mzinga kuku waliobaki hai walikimbia. Ninajua halaiki kwa nyimbo zake tu. Kwamba watoto wa halaiki walikuwa wakitengeneza maumbo na maandishi kwa miili yao niliambiwa na mdogo wangu wa kiume, tena kwa majivuno. Watu waliposema "Aaah!" kule ndani nilijua kuna jambo, nikafika mlangoni na mikono yenye unga, nikaambiwa limeshapita.

Mleta mada anasema tunakumbuka nyadhifa zetu. Sawa. Wangu ninaukumbuka vizuri, na siutamani. Siku hizi ninaona gwaride lote nimekaa kwenye kochi, na nikihitaji kuinuka ninaliona baadaye kwenye simu. Mnacholilia ninyi kuwa kimepotea ndicho kilichonipa mimi nafasi ya kukaa. Nilitamani niliseme hili kabla uzi haujajaa wanaume wa antena.

Mchangiaji wa Miyomboni, Iringa

Assalaam alaykum na salaam kwa wote. Dada wa Makambako amesema neno zito, na sitalipunguza. Naleta sikukuu nyingine ambayo mleta mada ameisahau.

Kwetu kipindi cha mwaka kilikuwa tangazo la mwezi. Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, baada ya futari, nyumba nzima ilikaa mbele ya televisheni na redio kwa pamoja, redio ikiwa ya akiba endapo umeme ungekatika, tukingoja tangazo la Mufti kama mwezi umeandama. Kipindi hiki hakina saa. Kinaweza kuja saa mbili, kinaweza kuja saa nne, na watoto wanalala mmoja mmoja kwenye zulia kwa kungoja. Mambo mengi yalitegemea maneno hayo machache: kama mama aanze kupepeta mchele wa pilau au apike daku, kama fundi cherehani wa mtaani akeshe au afunge duka, kama nguo mpya zitoke sandukuni. Katika baridi ya Iringa kuna jambo la kufurahisha sana unaposikia mtaa mzima ukipiga kelele kwa mara moja, nawe unajua kwamba kila nyumba ilikuwa ikisikiliza kitu kilekile.

Sasa tazama: ving'amuzi vimekuja, simu zimekuja, umeme upo, hakuna betri ya kubeba wala antena ya kuzungusha, na bado jioni hiyo haijapungua utamu. Mwaka huu tumekaa vilevile. Kwa maoni yangu, si kazi iliyokuwa ikitukusanya. Ni kutojua. Tangazo la mwezi haliwezi kutazamwa kabla ya wakati wake, na ukilitazama kesho yake halina maana. Vipindi vyenu vya Krismasi vilipoteza nguvu siku vilipoanza kupatikana muda wowote, wala si siku kaka yako alipoacha kuzungusha mwanzi.

Mchangiaji wa Mafinga

Hoja ya ndugu wa Miyomboni inathibitishwa na wenzetu wa mbali, ambao hawakuwahi kubeba betri na bado wanalalamika kama sisi.

Marekani walikuwa na kawaida ya kurusha filamu fupi za katuni za Krismasi mara moja kwa mwaka. Mashuhuri kuliko zote, *A Charlie Brown Christmas*, ilirushwa kwanza na kituo cha CBS tarehe 9 Desemba 1965. Wapenda tarehe wataona kwamba sisi siku hiyo tulikuwa tukitimiza miaka minne ya Uhuru. Aliyeikosa alingoja mwaka mzima. Mwaka 2020 haki za kuionyesha zilikwenda kwa Apple TV+, huduma ya kulipia ya mtandaoni, na watu wakapiga kelele kiasi kwamba Desemba hiyohiyo ikaonyeshwa pia kwenye televisheni ya umma, PBS. Fikirini: filamu ile wangeweza kuipata kwa njia nyingine nyingi. Walichodai ni saa yake.

Mfano wa pili niliupata kwa wageni wa Kijerumani waliotembelea usharika wetu wa Kilutheri. Walisema kwao usiku wa tarehe 31 Desemba hautimii bila kichekesho kimoja kiitwacho *Dinner for One*, kilichorekodiwa na kituo cha NDR mwaka 1963. Kina urefu wa dakika kumi na nane hivi, kina bibi mzee mmoja na mtumishi wake, na kinachezwa kwa Kiingereza bila kutiwa sauti ya Kijerumani. Mtangazaji anaeleza machache mwanzoni kwa Kijerumani, basi. Kila mtu anakijua neno kwa neno. Nikawauliza kama wazee wao waliokosa Kiingereza walifasiriwa, wakacheka, wakasema kila nyumba ina mjomba anayetangulia kusema maneno kabla ya mwigizaji. Mleta mada, nadhani umempata ndugu wa baba yako mdogo.

Huyo mjomba hahitajiki. Kila mtu anajua maneno. Hata hivyo hajastaafu.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Naomba nijibu mawili, na la tatu nitamwachia mwenyewe.

Ndugu wa Miyomboni, tangazo la mwezi ni mfano mzuri, lakini angalia ulichokiandika mwenyewe. Kila mtu aliyekaa mbele ya televisheni jioni ile alikuwa na jambo la kufanya baada ya tangazo: mama mchele, fundi cherehani, watoto nguo. Tangazo liliwapa kazi. Ndiyo maana halijafa. Salamu za Mwaka Mpya za Rais nazo haziwezi kutazamwa kabla ya wakati wake, hakuna ajuaye atasema nini, na bado sebule nyingi za leo zinaziacha zikisema peke yake huku watu wakiangalia simu. Kutojua kupo, ila hakuna aliyekaa pale akiwa na wajibu wa kumweleza bibi.

Kuhusu gwaride, kumbukeni mwaka 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima. Mtaani kwetu tulizibua mtaro uliokuwa umeziba tangu mvua zilipoanza. Wanangu, ambao gwaride wameliona mara nyingi bila kulikumbuka hata moja, wanaukumbuka ule mtaro mpaka leo: nani alishika koleo, nani aliteleza, nani alileta chai.

Mchangiaji wa Mafinga, mjomba wa Kijerumani nimempokea katika ukoo.

Dada wa Makambako, sina la kupinga. Naona tu kwamba wewe uliyekuwa jikoni umetueleza mizinga na nyimbo za halaiki kwa undani kuliko sisi tuliokaa mbele, na hilo linaonyesha kwamba mwenye kazi ndiye mwenye kumbukumbu.

Mchangiaji wa Makambako

Kaka, usiligeuze jiko langu kuwa ushahidi wako. Ninayakumbuka kwa sababu niliyakosa. Mtu hukumbuka vizuri sana mlango aliofungiwa, na hiyo si sifa ya mlango. Wadhifa alioupenda kaka yako kwenye mwanzi alipewa kwa heshima, akasifiwa, na akapokezwa taulo aliporudi ndani. Wangu haukuwa na taulo. Kama kazi ndiyo inayotengeneza sikukuu, basi suala la kwanza ni nani anaigawa.

Mchangiaji wa Tukuyu

Dada anasema kweli. Mimi nilipokuja na betri nilipewa paja la kuku. Aliyempika kuku yule alipewa sufuria la kukwangua.

Mchangiaji kutoka Rungwe, sasa Dar es Salaam

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye mwendokasi. Naomba ushauri wa vitendo, kwa sababu Desemba hii tunakutana sote nyumbani Rungwe kwa mara ya kwanza tangu babu afariki, watoto na wajukuu, na nimepanga kununua televisheni kubwa ya bapa kwa ajili ya wazazi ili tuone salamu za Rais na mkesha wa Mwaka Mpya pamoja kama zamani. Je, itasaidia, au nitakuwa nimepeleka kioo kikubwa mbele ya watu wanaotazama vioo vidogo?

Mleta mada

Kama wazazi wana televisheni inayofanya kazi, usinunue nyingine. Peleka hiyo fedha kwenye maturubai na viti, muitoe televisheni barazani, maana ndani hamtaenea. Mpe kijana mmoja kazi ya waya na king'amuzi, na ahakikishe kifurushi kimelipiwa mapema, kwa sababu mtandao wa malipo hulemewa siku za sikukuu. Kama bibi bado yupo, mteue mjukuu mmoja amfasirie hotuba yote kwa Kinyakyusa. Usimchague anayejua lugha sana. Chagua asiyeijua vizuri, ili bibi amsahihishe mbele ya watu.

Mchangiaji wa Makambako

Nami niongeze masharti, maana ushauri wa kaka bado umesahau jiko. Salamu za Rais ni za usiku, kwa hiyo chakula kiwe kimeiva na vyombo vimeoshwa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ndizi zimenywe na wanaume, kuanzia saa tisa, wakiwa wamekaa palepale barazani ambapo kila mtu anawaona. Kuku achinjwe na kunyonyolewa na yule mwenye simu ya bei kubwa kuliko wote, kwa kuwa mikono yake itakuwa na kazi. Wanawake wote wa nyumba, pamoja na wakamwana, wakae safu ya mbele, na ye yote atakayemwita mmoja wao akaangalie moto wakati kipindi kinaendelea, aende kuuangalia mwenyewe.

Mchangiaji kutoka Rungwe, sasa Dar es Salaam

Nimeyapeleka masharti haya kwenye kundi la familia kama yalivyo. Shangazi ameyakubali yote bila mjadala. Baba mdogo anauliza kama ndizi ni lazima zianze saa tisa, kwa sababu saa hiyo kuna mpira.

Mchangiaji wa Makambako

Mwambie aanze saa saba.